Kizingiti cha Duka

Mwanamize alisita mlangoni, mtoto mgongoni. Maziwa yake yalikauka, na ya kopo yalikuwa duka lile tu, la watu wa chama kingine cha siasa.

Mumewe alikwisha kuapa: "Ukitia mguu mle, talaka yako hiyo."

"Nipe hapa nje, Mzee," alimnong'oneza mwenye duka.

"Kuja mlangoni siwezi, mwanangu. Jana nilipigwa jiwe." Damu ilikuwa imemkaukia kofiani. Akanyoosha kopo kutoka nyuma ya meza; mkono wa Mwanamize haukufika.

"Ingia basi. Mimi si zimwi."

Kule barazani, wanaume waliacha bao wakamtazama.

Mtoto, aliyelia tangu alfajiri, akanyamaza ghafla. Kichwa kikamlalia mamaake shingoni, kizito.

Mwanamize akainua mguu.