Kompyuta Kwenye Mizani ya Maharage

Bi Sikujua, muuza maharage, aliiweka kompyuta mpya ya binti yake kwenye mizani ya maharage, na upande wa pili akaweka mawe ya kilo mbili. Mawe yakashuka, kompyuta ikapanda.

"Zawena, ng'ombe niliyemuuza tuinunue hii ndiye huyu? Hata kilo mbili hafiki!"

"Wembamba huo ndio tulioulipia, mama. Ile nene ya bei ndogo nayo ingecheza mchezo wangu wa kompyuta vilevile."

"Basi tunairudisha. Mwenye duka katupa muda mpaka jioni."

Zawena akaifungua, akaanzisha mchezo.

Mvua ikaanza kunyesha kwenye kioo, juu ya mbuga ya majani, na kila jani likainama kivyake, likainuka. Mteja akaita, Bi Sikujua hakusikia. Ubavuni mwa kompyuta mlitoka pumzi ya moto. Akasogeza kiganja taratibu, kama alivyozoea kukisogeza puani kwa ng'ombe wake kila alfajiri.

"Inahema," alinong'ona.

"Tuirudishe, mama?"

Bi Sikujua akainama karibu zaidi. Mvua ilizidi kwenye kioo, na kiganja chake kilikuwa bado palepale, kikipata joto.