Soksi za Pili

"Dada, soksi zako ni dawa! Sisikii baridi tena," Chinatsu aliniambia, nami nikafurahi mpaka nikapiga makofi.

Zilibaki dakika ishirini ashuke mlima wa theluji kwa ubao wake wa kuteleza, katika mashindano ya kuchagua timu ya mkoa wetu wa Hokkaido, Japani. Kocha alikuwa amesema avae jozi moja tu, ya sufu nyembamba. Nilimwona hana huruma. Asubuhi nilimwongezea mdogo wangu jozi ya pili juu yake, nene, ya pamba, kisha nikakaza kamba za buti mpaka akaguna.

"Miguu imepata joto, sivyo?"

"Joto? Wala. Sisikii kitu tu. Vidole hata sijui viko wapi," alijibu akicheka.

Mimi sikucheka. Nilipiga magoti, nikavuta buti, nikamvua soksi zote mbili za mguu wa kulia. Ile ya pamba ilikuwa imelowa jasho, baridi kama samaki aliyelazwa kwenye barafu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama nta, na nyuzi za soksi zilikuwa zimechora mistari kwenye ngozi.

"Nakubonyeza kidole gumba," nilisema. "Niambie ukisikia."

"Ole wako unitekenye! Nitakupiga teke la pua," alionya, akageuka kuwatazama wenzake waliokuwa wakipanda.

Nilibonyeza kwa ukucha, kwa nguvu zangu zote. Ngozi ilibonyea, ikabaki hivyo hivyo.

"Haya, bonyeza basi," alisema, macho yake bado mlimani. "Dada, mbona huanzi?"