Kulabu Isiyo na Mkazo

Mashine ya kupimia mkazo ilisoma sifuri. Mpimaji akaigeuza kulabu ya kreni, akapima mgongoni, akapima shingoni ilipokatikia. Sifuri tena. Akaitukana mashine, kisha akamtukana meneja, ambaye hata hakuwepo.

Kulabu hiyo ilikatika Jumanne, mzigo ukamwangukia mdogo wake mpimaji, ukamuua. Msiba haujaisha, ofisini walishaanza kunong'ona kuwa kijana alisimama pasipostahili. Uongo mtupu. Kreni ilizidishiwa mzigo, na dada mtu alijiapiza kulithibitisha hilo hata wakimfukuza kazi. Kulabu zote zilipita mikononi mwake mwezi uliopita, zikapigwa muhuri. Zilikuwa nzima.

Chuma kikipinda, mkazo hubaki ndani yake, hata ukikinyoosha kikaonekana kipya. Hautoki kwa nyundo wala kwa maombi. Hutoka kwa moto tu. Kulabu hii, iliyozidishiwa mzigo, ilipaswa kujaa mkazo tele, lakini kuna mtu aliyemtangulia akaitia kwenye tanuru. Tanuru kiwandani ni moja, na fundi wake ni mmoja.

Baba yao.

Alishuka ngazi mbili mbili. Mzee alikuwa ameketi kando ya tanuru iliyopoa, glavu mapajani. Binti akamwaga yote yaliyomjaa: kwamba amemuuza mwanawe, kwamba meneja alimkemea kidogo tu akaufyata, kwamba mama akijua hatamtazama usoni tena. Baba alimwacha amalize. Utulivu huo ukazidi kumpandisha hasira.

"Umeitia motoni wewe?"

"Ni mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna." Baba alikuwa akiziangalia glavu zake. "Kulabu ile ilipinda zamani, mwanangu. Mtu akainyoosha kwa nyundo, ikiwa baridi, akaipaka rangi. Ilipokatika rangi ikabanduka, nikaziona alama."

"Zamani lini? Mimi nilizikagua mwezi uliopita tu."

"Nilikuletea arobaini. Ulipima kumi, ukazipiga muhuri zote."

Binti akaketi sakafuni, kando yake.

"Ungeipima kabla sijaichoma, ungejua ilikuwa mbovu ulipoipiga muhuri," baba alisema. "Na mimi nimeshazika mtoto mmoja."