Kiatu cha Mbaruku

Wakati wa mapumziko ya mechi ya mpira wa magongo wa barafuni, Bi Salha aliingia chumba cha wachezaji bila hodi, maana alikuwa amemwona mwanawe akichechemea kwenye barafu. Mbaruku alikuwa na miaka kumi na sita tu, lakini kwa sababu ya mwili wake mkubwa walishampandisha timu ya wakubwa. Kazi yake ilikuwa kusukumana na wanaume wenye ndevu mbele ya goli, gongo mkononi.

"Kiatu kimegoma kutoka, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Kocha akacheka. "Viatu vya barafu lazima vibane, Mama Mbaruku. Na huyu si mtoto tena, hebu mtazame mabega."

Bi Salha alipiga magoti mbele ya mwanawe. Alilegeza kamba, akavuta, kiatu kikakataa. Akaomba kisu, akapasua ngozi mpaka kisiginoni. Soksi ikatoka na kucha mbili. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya kuku aliyechinjwa, ncha zake nyeusi. Na kiatu hicho msimu ulipoanza kilikuwa kikimpwaya.

Bi Salha akakaa sakafuni, akamshika mwanawe kisigino.

"Kocha, mguu huu bado unakua," alisema. "Ndizi huvundikwa. Ukiitia motoni haiivi, inaungua."

 Filimbi ya kurudi uwanjani ikalia nje, naye kocha akatwaa viatu vikubwa vya mchezaji mwingine, akaviweka mbele ya kijana. Mbaruku akaanza kunyoosha mguu. Mama yake, aliyekuwa bado amemshika kisigino, akakaza mkono, na mguu ule mkubwa ukabaki hewani kati yao.