Droo ya Chini

"Dada, imebaki sahihi yako tu. Mwisho saa kumi," binti tunayefanya naye kazi alisema, akaniwekea fomu mezani, akarudi kuwapigia simu wazee wake.

Hilo ndilo wazo lake: kila mzee apangiwe saa yake, asishinde kwenye mabenchi ya ofisi yetu ya ustawi. Sasa kwa fomu hiyo anaombewa mafunzo ya uongozi. Na kazi nilimfundisha mimi! Nilimwonea kijicho.

Nikavuta droo ya chini ya meza niliyoachiwa na bosi aliyestaafu, niizike fomu humo. Ikakwama. Nikapenyeza mkono nyuma, nikachomoa karatasi ya njano iliyojikunja.

Fomu ileile, kwa mwandiko wangu, ya miaka kumi na mmoja iliyopita. Bosi aliniambia makao makuu wamenikataa.

Pa sahihi yake palikuwa peupe.