Mstari wa Kahawia

Nywele za Jeniffer zilikataa kufumuka. Picha ya kwanza ilimwonyesha Uarabuni alikokwenda kufanya kazi za ndani, amesimama mbele ya ngome ya kale ya udongo, kuta zimebomoka, jangwa limetanda nyuma yake mpaka macho yanachoka. Kichwani amesukwa vizuri. Picha ya Pasaka ilimwonyesha kwenye jumba la makumbusho, kando ya majambia na sahani za dhahabu, na msuko ni ule ule. Ikaja ya sokoni, katikati ya magunia ya tende na ubani. Huku kijijini Sitalike mvua zilikuwa zimeshakatika, lakini msuko unang'aa kama wa jana.

"Mama Jeni, huyu mtoto mbona nywele zake hazifumuki?" Rozalia aliuliza.

Hilaria, mama yake Jeniffer, alicheka, akairudisha simu kwenye pindo la kanga. "Kule saluni ziko kila kona, mama Spesi. Unadhani ni huku kwetu?"

Walikuwa wametoka kanisani. Rozalia naye akacheka, ingawa wivu ulimchoma. Yeye alikuwa anafua mashuka kwenye kambi ya wageni karibu na hifadhi, na watalii aliwajua. Mtalii ni mtu aliyeshiba. Anatoka kwao, anakuja kuangalia viboko wakigombania tope, anapiga picha, anakwenda kulala. Sasa mfanyakazi wa ndani anayetembezwa kama mtalii, huyo si amepata mabosi wenye roho nzuri? Ndivyo Rozalia alivyojisemea, na akajiamini.

Binti yake Specioza alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani tu. "Mama, na mimi niende." Asubuhi wimbo huo, jioni huo huo. Rozalia alisita. Alikuwa na mtoto huyo mmoja, hana mwingine.

Aliyemtoa hofu ni Hilaria. Ndiye mama wa ubatizo wa Specioza, aliyempakata siku padri anammwagia maji. Alikuja mwenyewe bila kuitwa, rozari mkononi.

"Wakala ni yule yule wa Jeni. Mimi nimtie mwanangu wa ubatizo kwenye moto?"

Machozi yakamlengalenga. Rozalia aliyaona, akamshukuru Mungu kwa kumpa rafiki mwenye upendo namna ile.

Mvua za kwanza zilipoanza, safari ikaiva. Rozalia alimkalisha binti yake katikati ya magoti, akamsuka twende kilioni, mistari ya kulala nyuma. Rasta nyeusi ikamwishia kwenye mstari wa mwisho, karibu na sikio la kushoto. Akaumalizia kwa rasta ya kahawia iliyobaki tangu mwaka jana.

Specioza alijitazama kwenye kioo, akanuna. "Mama, umenifanya pundamilia."

"Nenda hivyo hivyo. Utafumua huko kwenye saluni zenu."

Kabla ya Krismasi Jeniffer akarudi. Yuko likizo, alisema Hilaria. Lakini kanisani hakufika, bombani hakuonekana, na waliompitia nyumbani walimkuta amejifunga kilemba mpaka kwenye nyusi. Watu wakasema ameota mapembe, keshakuwa Mwarabu. Rozalia hakuwa na muda wa umbea huo. Simu yake mwenyewe ilikuwa imeanza kuita: Specioza mbele ya ngome! Aliionyesha kambi nzima, mpaka mpishi akawa anamkimbia.

Ukipiga, haipokelewi. Ujumbe ulikuja ule ule, kila mara: Kazi nyingi mama, niko salama.

Picha ya makumbusho ilifika mahindi yakibeba. Ya sokoni ilifika watu wameshavuna. Rozalia aliikuza kwa vidole, aone kama mwanawe amenenepa mashavu. Vidole vikagandia hapo. Karibu na sikio la kushoto kulikuwa na mstari wa kahawia.

Saluni gani ya Uarabuni inarudia kosa la mama wa Sitalike?

Hakukumbuka hata viatu. Alimkuta Hilaria uani akipepeta mchele, Jeniffer ameketi nyuma yake, kilemba kimeteleza. Kichwani hapakuwa na unywele hata mmoja, ni makovu matupu, ngozi imejikunja kama iliyomwagiwa maji ya moto. Rozalia akainua simu. Akawaonyesha ule mstari wa kahawia.

"Picha zote zinapigwa siku ya kwanza, mama mdogo," Jeniffer alisema, macho chini. "Wanakutembeza kutwa nzima. Mkirudi, mlango unafungwa."

Rozalia alitaka kumrukia Hilaria, alitaka kupiga yowe kijiji kijae, lakini swali moja lilimtangulia.

"Wewe ulitokaje?"

Jeniffer akamtazama mama yake. Hilaria aliweka ungo chini, akafunika uso kwa kanga.

"Spesi alipofika kushika nafasi yangu," Jeniffer alijibu.

Jumapili iliyofuata Rozalia hakwenda kanisani. Alipanda gari, akashuka Magamba kwa mdogo wake. Walimpokea vizuri, wakamchinjia kuku. Baada ya kula alitoa simu, na Glory, binti wa yule mdogo wake, akaja kuchungulia begani kwake. Ngome. Makumbusho. Soko.

"Jamani, dada Spesi anakula maisha! Ila mama mkubwa, mbona nywele zake hazifumuki?"

Machozi yakamlengalenga Rozalia.

"Kule saluni ziko kila kona, mwanangu. Njoo ukae hapa, nikusuke."

Akafungua mkoba. Safari hii alikuwa amenunua rasta nyeusi ya kutosha.