Kilio Chini ya Kisanduku cha Kwenzi

Mama yake Wakesho alifariki asubuhi, wakati ambapo kwenzi wa buluu walikuwa na makinda kwenye kisanduku kilichotundikwa mtini, mbele ya mlango. Kwa sheria ya mtaa, nyumba yenye makinda haipigi kelele mpaka waruke. Kwa hiyo waombolezaji walikaa uani wakilia huku wamejiziba midomo kwa leso.

Shangazi Mkawasi alishindwa kujizuia. Alipoita, "Dada yangu!" Mzee Mkala, mlinzi wa ndege wa mtaa, alisimama akaweka kidole mdomoni.

"Utawashtua, mama."

Damu ilimchemka Wakesho. Kisanduku kile alikitundika kwa mikono yake, na kila msimu alikisafisha na kuwafukuza siafu.

"Mzazi wangu amelala humo ndani, Mzee, nawe wanikataza kumlilia kwa ajili ya ndege?"

"Ndiyo sheria, mwanangu. Sema polepole."

Wakesho akachukua ngazi, akapanda akiapa kuking'oa. Alipofunua kifuniko, makinda walinyoosha shingo wakaachama, wakidai chakula. Midomo ilifunguka na kufungika, lakini hapakutoka mlio wowote.

"Mbona hawalii?"

"Siku hizi hawalii," Mkala alijibu kutoka chini, kwa fahari. "Wamezoea utulivu."

Wakesho akavuta pumzi, akamlilia mama yake kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. Shangazi akaitikia, kisha ua wote ukalipuka kwa kilio. Mkala akakimbia huku na huko akiwasihi wanyamaze.

Makinda waliendelea kuachama vilevile. Hawakushtuka hata kidogo.